Ziwa Victoria si uwanja wa ndege wa bure

KWA mfanyabiashara wa utalii, ndege ya kutua majini inaonekana njia rahisi ya kuvifikia visiwa vya Ziwa Victoria. Haihitaji lami wala fidia ya mashamba. Hata hivyo, hesabu hiyo inasahau hatari ya ndege hizo zinapokimbia juu ya maji zikitaka kuruka.

Usafiri huo si mgeni Mwanza. Februari 28, 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari za barua kutoka London hadi Mwanza, na kutoka Khartoum zilitumika ndege za majini.

Mwaka 1939 ndege ya shirika hilo, Corsair, iliyotoka Port Bell, Uganda, ilipotea njia na kutua kwa dharura mtoni karibu na Faradje, Kongo. Ilikarabatiwa, lakini ilipojaribu kuruka Julai iligonga mwamba na kutoboka. Iliondoka Januari 1940, baada ya mto kujengewa bwawa ili kina kiongezeke.

Ndege ya majini haina breki za kuisimamisha. Usukani mdogo wa kwenye vielea hufaa ikienda polepole, na rubani huuinua kabla ya kushika kasi. Usukani wa mkia nao hauna nguvu mpaka kasi ipatikane. Hapo katikati, upepo wa ubavuni au wimbi la boti huweza kuigeuza ghafla, bawa likagusa maji. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na masafa ya kuruka huongezeka.

Mwanza ina pia miamba, magugu maji, nyavu na mitumbwi ya dagaa inayorejea alfajiri, kabla upepo wa mchana haujachafua ziwa. Rubani naye huzitaka saa hizo.

Hivyo njia salama inahitaji maboya ya alama, boti ya doria na ya uokoaji. Ndege ya kawaida ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 6, 2022 na kuua watu 19, wavuvi ndio waliowahi kufika.

Gharama hizo asipozibeba mwenye ndege, atazilipa mvuvi kwa kufukuzwa majini bila fidia, au kwa kugongwa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TASAC na vikundi vya wavuvi vya mialoni (BMU) wakubaliane kwanza nani atumie maji yapi, saa ngapi na kwa malipo gani. Leseni ifuate baadaye.