Msafara wa baiskeli Nairobi una funzo kwa walimu wa Rangwe

Nimefundisha katika sehemu za Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, kwa miaka mingi, na muda wote huo sikupata kuifikiria baiskeli kuwa kitu cha starehe. Nilipokwenda kusomea ualimu katika chuo cha Asumbi, sanduku langu la bati lilifungwa nyuma ya baiskeli ya baba yangu. Hadi leo ndiga, kama tuiitavyo kwa Dholuo, hunibebea mahindi hadi kwenye mashine ya kusagia, mitungi ya maji wakati wa kiangazi, na madaftari ya wanafunzi siku zote.

Ndiyo maana nilicheka mpwa wangu aliponialika, wakati wa likizo ya Aprili, tukaendeshe baiskeli Nairobi bila kwenda popote. "Mjomba, tutakuwa wengi," akasema, kana kwamba hiyo ilikuwa sababu ya kutosha. Nilikubali kwa ajili ya kumridhisha. Sasa nakiri kwamba hiyo kweli ilikuwa sababu ya kutosha.

Msafara wenyewe huitwa Critical Mass, nao hufanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ulianzishwa Nairobi mwaka 2014, lakini asili yake ni jiji la San Francisco, Marekani, ambako waendesha baiskeli walikusanyika kwa mara ya kwanza Septemba 1992. Jina walilitoa katika filamu ya mwaka huo huo iliyoeleza jinsi watu wa Uchina walivyovuka makutano ya barabara yasiyokuwa na taa. Mwendesha baiskeli mmoja hakuthubutu kujitosa katikati ya magari. Alisubiri. Alikuja wa pili, wa tatu, wa kumi, na walipotimia idadi ambayo magari hayangeweza kuipuuza, wote walivuka kwa pamoja.

Naam, hivyo ndivyo tulivyovuka Nairobi. Tulikuwa umati: vijana wa chuo kikuu, akina mama waliovaa kofia za kujikinga, Wazungu wachache, watoto na baba zao, na mimi niliyekuwa nimeshikilia usukani kama mtu anayezuia fahali. Tulipofika kwenye mizunguko ya barabara, vijana wawili watatu walitangulia wakasimamisha baiskeli zao mbele ya magari, wakainua mikono, na kusubiri mpaka wa mwisho wetu apite. Dereva mmoja alitutusi matusi ambayo siwezi kuyaandika katika ukurasa unaosomwa na wanafunzi. Wengine walitupungia mkono. Binti mmoja aliyeniona nikisitasita alikuja ubavuni mwangu akaniambia, "Mzee, usiogope, hatukuachi."

Ukweli ni kwamba sikubaliani na kila nilichokiona siku ile. Wako waliopita taa nyekundu kwa makusudi huku wakishangilia, na sioni heshima iliyomo katika kudai haki ya barabara kwa kuvunja sheria ya barabara. Kadhalika, nilitazama huku na huku nikimtafuta bawabu au fundi mjenzi aendaye kazini kwa baiskeli alfajiri bila kofia wala taa. Sikumwona. Labda Jumamosi ile alikuwa kazini.

Hata hivyo, hao vijana wana hoja. Tuliendesha chini ya ile barabara ya juu, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Baiskeli haziruhusiwi kupanda huko. Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sera nzuri kuhusu waendao kwa miguu na baiskeli, ila mwenye kutaka kuiona hana budi kuisoma, kwani barabarani haionekani sana. Ikiwa hali ni hiyo katika mji mkuu, sisi wa mashambani tutarajie nini?

Lakini siandiki haya kwa ajili ya Nairobi. Nilipokuwa katikati ya umati ule, magari yakiwa yamesimama kutungoja, nilimkumbuka mwanafunzi wangu mmoja.

Alikuwa msichana wa kidato cha pili, na kwao ni kilomita sita kutoka shuleni. Baba yake aliuza mbuzi akamnunulia baiskeli nyeusi iliyokwisha tumika. Kwa muhula mzima hakuchelewa hata siku moja. Kisha jioni moja, akiwa peke yake, matatu ililipita lori na kumsukuma nje ya lami. Ukingo wa barabara hapo umemomonyoka, nao umeachana na lami kwa kina cha shubiri nzima. Alivunjika mkono na kukosa masomo kwa majuma mengi. Baba mtu aliiuza baiskeli ile kwa bei ya kutupa, akisema hawezi kukaa nyumba moja na chuma kilichotaka kumuulia mtoto.

Msichana yule alirudi shuleni kwa miguu. Alianza kuchelewa. Na mimi, nikiwa mwalimu wa zamu, nililiandika jina lake katika daftari la wachelewaji mara tano, na mara zote tano nikampa adhabu ya kufagia uwanja huku wenzake wakisoma hesabu. Sikumwuliza kwa nini. Nilijua kwa nini.

Tumezoea kusema kwamba baiskeli imepitwa na wakati. Tangu mwaka 2008, kodi ya pikipiki ndogo ilipoondolewa, bodaboda za injini zimewafukuza waendesha baiskeli waliokuwa wakibeba abiria katika miji yetu ya Nyanza na Magharibi. Sawa. Lakini ni mzazi yupi wa Rangwe awezaye kumlipia mtoto nauli ya pikipiki asubuhi na jioni, siku tano kwa juma? Baiskeli ya mtoto wa shule haijapitwa na kitu chochote, isipokuwa matatu zinazompita kwa kasi.

Wenzetu wa jimbo la Bihar, India, waliligundua jambo hili mapema. Mwaka 2006 serikali yao ilianza kuwapa wasichana wa darasa la tisa fedha za kununua baiskeli. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipochunguza mpango huo, walikuta kwamba idadi ya wasichana walioandikishwa katika shule za sekondari iliongezeka kwa kadiri ya asilimia 32. Sababu moja ilikuwa umbali. Nyingine, wachunguzi hao walieleza, ni kwamba wasichana waliweza kwenda pamoja, kwa makundi, na safari yao ikawa salama zaidi kuliko ya mmoja mmoja.

Kujenga ukingo wa barabara ni kazi ya serikali, na Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti barabara za kaunti. Hatutaacha kuwadai wahusika. Lakini mwanafunzi hawezi kuahirisha kidato cha pili mpaka kandarasi itangazwe.

Shule zilipofunguliwa nilipita kwenye mwembe ambapo baiskeli huegeshwa, nikahesabu kumi na tisa. Kumi na moja kati yake hutumia barabara ile ile, kila mtoto kwa saa yake, kila mmoja peke yake. Niliwaeleza walimu wenzangu nia yangu: watoto hao wakutane sokoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, waende kwa mstari mmoja, mwalimu mmoja mbele na mwingine nyuma, na jioni vivyo hivyo. Wasiende wawili wawili, maana barabara yetu ni nyembamba, na wala wasimsimamishe dereva yeyote. Hapa si Nairobi. Mwenzangu mmoja aliuliza ni nani atakayelipa marupurupu ya kuamka alfajiri. Wengine walicheka. Wawili walikubali.

Tutaanza Jumatatu ijayo. Baiskeli yangu imetiwa breki mpya, na fundi ameifunga taa nyekundu nyuma, kwani mimi ndimi nitakayefuata mwisho. Juzi nilikwenda nyumbani kwa yule msichana kuzungumza na baba yake. Alinipa kiti na chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ataona kwanza jinsi hao kumi na mmoja watakavyofika.