Naitwa Sikudhani, Tuache Utani

Najua niliadimika. UE zilinikaba koo, nikatoka hapo moja kwa moja kwenda BTP, na sasa tumerudi chuo bumu halijaingia, tunakula wali maharage wa mkopo. Tuyaache hayo. Leo nina jambo moja linanikereketa, na nikilinyamazia nitakuwa mnafiki kwa kazi hii ninayoisomea.

Siku yangu ya kwanza darasani, kidato cha pili, nilishika daftari la mahudhurio nikaanza kuita majina. Neema, nipo. Baraka, nipo. Nikafika kwa binti mmoja ambaye jina lake silitaji hapa, ila liko kwenye kundi la akina Shida, Taabu na Mateso. Nilipolitamka tu, darasa zima likaangua kicheko. Na mimi mwalimu wao, blauzi imepigwa pasi, kitambulisho cha chuo shingoni, nikacheka. Sikucheka kwa ubaya jamani, kilinitoka tu. Lakini yule binti hakuwaangalia wenzake, aliniangalia mimi. Wiki mbili zilizofuata kila nikimwita alikuwa ananyoosha kidole bila kutoa sauti.

Usiku ule usingizi haukuja. Manake hapa chuoni nyie mnaniita Dany. Wengi wenu mlidhani ni kifupi cha Daniella, na mimi nikawaacha mdhani. Jina langu la kwanza ni Sikudhani. Ndiyo, hilo hilo. Nimelificha tangu mwaka wa kwanza kwa sababu nilichoka kuulizwa "hukudhani nini?" kila nikijitambulisha. Halafu mtu huyo huyo anayejificha ndiye aliyemcheka mtoto wa watu.

Tuanze na jina lenyewe, maana wengine tunasoma Kiswahili hapa na bado viambishi vinatutoa jasho. Sikudhani ni sentensi nzima. Si- ni mimi ninayekanusha, -ku- inaonyesha kwamba jambo limepita, na dhani ni kitenzi tulichokipata kwenye Kiarabu, ndiyo maana hakiishii na -a kama vitenzi vyetu vya Kibantu. Dhana inatoka humo humo. Kwa hiyo ukiniita, unasema: mimi sikufikiria kama jambo hili lingetokea. Ndugu zake ni Sikujua, Sijaona, Sikitu na Siwatu. Si jina la kila mlango. Kwetu kusini utalikuta, na wanaofuatilia Bunge watamkumbuka Mheshimiwa Sikudhani Chikambo, aliyekuwa mbunge wa Viti Maalum. Ila darasani kwetu akina Neema nimehesabu kumi na mmoja, Sikudhani ni mimi peke yangu.

Majina yetu mengi ya asili yanajibu maswali. Chausiku, Mwajuma na Masika yanajibu mtoto alizaliwa lini. Mosi, Pili na Tatu yanajibu ni wa ngapi. Kulwa na Doto kwa Wasukuma yanakwambia hawa ni mapacha na nani alitangulia. Hata Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alipewa jina la Kambarage ambalo kwa Wazanaki ni la mzimu wa mvua, na inasimuliwa kwamba mvua ilikuwa inanyesha alipozaliwa. Julius lilikuja kwenye ubatizo mwaka 1943. Sijawahi kusikia darasa likimcheka Kambarage.

Jina kama langu linajibu swali gumu kidogo: waliomzaa huyu mtoto walikuwa wanapitia nini? Na linaangalia pande mbili. Mtu aliyehangaika miaka kumi bila kupata mtoto, akimpata anaweza kusema sikudhani, kwa furaha. Aliyetendwa na mtu aliyemwamini naye anaweza kusema sikudhani, na hapo ni kidonda kinaongea. Mimi nilikua nikiamini langu ni la furaha. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilijiamulia tu.

Likizo ya mwaka jana nilimuuliza bibi, mama yake mama. Tulikuwa tunachambua mchicha uani. Akanyamaza kwanza, kisha akanipa yote. Mama alikuwa kidato cha pili alipopata mimba yangu. Shule ikamfukuza, ndivyo ilivyokuwa wakati ule. Alirudi nyumbani mchana na begi lake mgongoni, bado kavaa sare. Aliyempa mimba akahama mji. Nilipozaliwa, bibi ndiye aliyeulizwa mtoto aitwe nani, akasema, "Sikudhani." Hakukuwa na shangwe yoyote pale.

Nikamuuliza, kwa hiyo bibi ulikuwa unanisema mimi? Akacheka kidogo. "Wewe? Nilikuwa namsema mama yako, na huyo mwanaume, na hao walimu. Wewe hukuwemo, mjukuu wangu."

Wewe hukuwemo. Maneno haya nimeyatafuna mpaka leo. Mnajua yale maandishi ya kwenye kanga, wauzaji na mama zetu wanayaita jina la kanga? Mtu ananunua kanga kwa sababu ya jina lake, anaivaa apite mbele ya jirani, ujumbe unafika bila yeye kufungua mdomo. Majina kama langu yanafanya kazi hiyo hiyo. Bibi alikuwa na maneno asiyoweza kwenda kuyasema kwa mkuu wa shule, akayavalisha mtoto. Mimi ndiye kanga. Sasa ukimcheka mtoto mwenye jina la namna hiyo, ujue unacheka maneno ya mtu mzima aliyekuwa na maumivu, halafu anayeaibika ni mtoto ambaye hata hakuwemo.

Novemba 2021 Serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya mimba wataruhusiwa kurudi shule, mimi nilikuwa bado sekondari. Mama alisikiliza taarifa ile redioni, akazima, akaenda kuteka maji. Wakati ule sikuelewa. Sasa naelewa.

Kuna mwenzangu wa chumbani anabisha. Anasema kosa ni la wazazi, waache kuwapa watoto majina ya mikosi, mtoto akiitwa Mateso atateseka. Hilo la kuteseka kwa sababu ya jina mimi siliamini, mbona akina Furaha nao wanalia wakiona matokeo? Lakini namkubalia nusu. Mimi mwenyewe simpi mwanangu jina la Shida. Na mwenye jina likimuelemea ana haki ya kulivua. Siti binti Saad, mwimbaji wetu mkubwa wa taarab aliyezaliwa Fumba, Unguja, miaka ya 1880 hivi, alipewa jina la Mtumwa. Mjini sauti yake ikampa jina jingine, Siti, yaani bibi wa heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, na sahani za santuri zilizoenea pwani yote zilibeba jina la Siti. Marehemu alifariki mwaka 1950 na hadi leo hatumwiti Mtumwa. Sawa kabisa. Lakini uamuzi wa namna hiyo ni wa mwenye jina. Mtoto asibadilishe jina kwa sababu mwalimu alishindwa kuzuia kicheko chake.

Na kicheko siyo kosa letu pekee walimu. Kuna kalamu. Watu wengi wa bara dh inawapa tabu, wanasema zani. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa mwandishi aliandika Sikuzani kama alivyosikia. Shuleni nikaandikwa Sikudhani. Miaka yote hakuna aliyejali, mpaka nilipoomba mkopo wa chuo nikaambiwa majina hayalingani. Ikabidi kiapo kwa wakili, nauli ya kwenda na kurudi, na mama akauza mashine yake ya cherehani aliyoipata kwa shida. Herufi mbili tu, d na h! Kama mtu mmoja angeinua kichwa akauliza "jina lako linaandikwaje, mwanangu?", mama angekuwa bado anashona.

Kwa hiyo maoni yangu, hasa kwenu nyie wa ualimu tunaotegemea kushika chaki miaka thelathini ijayo, ni haya. Kabla hujaita majina kwa sauti, yasome peke yako. Ukikuta linalokushangaza, muulize mwenyewe pembeni linatamkwaje na linaandikwaje. Darasa likicheka, wewe usicheke. Wakishaona mwalimu kacheka, wameshapata kibali cha mwaka mzima. Na kama mtoto yuko tayari kukueleza maana ya jina lake, msikilize hadi mwisho. Asipotaka, muache.

Mimi wiki ya tatu nilijaribu kurekebisha. Nilikuwa nafundisha viambishi, nikaandika ubaoni SIKUDHANI, nikawaambia hili ni jina langu. Wakacheka mpaka madawati yakalia. Nikangoja wakanyamaza, kisha tukalichambua kipande kwa kipande kama nilivyofanya hapo juu. Yule binti hakunyoosha mkono. Msifikiri aligeuka ghafla akawa msemaji wa darasa, haya siyo maigizo. Kipindi kilipoisha alikuja mezani na daftari lake, akaniuliza polepole, "Madamu, na wewe walikuwa wanakucheka?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia pia samahani kwa ile siku ya kwanza. Akasema "haya," akaondoka. Kesho yake nilipoita jina lake akajibu nipo, kwa sauti ndogo sana, ila niliisikia.

Hatujamaliza, mimi na yeye. Nilimuuliza kuhusu viapo, kama jina lake liko sawa kwenye karatasi zote, nikakuta halijawahi kukaguliwa. Nikalipeleka kwa mwalimu wake wa darasa kabla sijaondoka. Huo ndio ualimu wenyewe nadhani, kuliko yale tunayokariri kwenye madesa.

Basi wapendwa, niwaache, foleni ya kafeteria inazidi kurefuka. Kuanzia leo mkinikuta kimbwetani niiteni Sikudhani, kwa dh, ulimi uguse meno. Dany amehama hosteli, hakuacha namba.