Macho Yako Kwenye Gemu, Mwili Uko Garissa

Tangu nirudi nyumbani na miwani ya VR, swali ni moja tu: je, inafaa? Wameniuliza binamu zangu, wameniuliza vijana wa mtaa, hata mama anayetuletea maziwa ya ngamia ameuliza. Jibu langu fupi ni ndiyo. Jibu refu ndilo hili hapa chini. Matangazo ya vifaa hivi huzungumzia macho tu, lakini mimi nimegundua kwamba raha yake na taabu yake vyote viko mwilini.

Kwa wale wasiojua, VR (au uhalisia pepe) ni ile miwani mikubwa kama ya mpiga mbizi. Ndani mna skrini na lenzi mbili, kila jicho lina picha yake, na ukigeuza kichwa picha nayo inageuka. Baada ya dakika moja ubongo unakubali kwamba uko mahali pengine. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1968 Ivan Sutherland na wanafunzi wake kule Marekani walitengeneza kifaa kizito kiasi kwamba kilibidi kining'inizwe darini. Mimi nilianza nikiwa chuoni na Google Cardboard, lile kasha la karatasi ngumu lililotoka 2014, unatia simu ndani na kuangalia. Hii ya sasa niliinunua mtumba Nairobi, nikaipakata kwenye basi mpaka Garissa kama mtoto mchanga.

Raha kwanza. Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo kutwa nzima nimekaa, mgongo umepinda kama ndoano. Jioni navaa miwani, nasimama, nacheza tenisi ya meza na mtu aliye nchi nyingine. Mabega yanafunguka, miguu inakumbuka kazi yake. Gemu za zamani zilitaka vidole viwili tu. Hizi zinakutaka mzima mzima.

Sasa taabu. Miwani nyingi za aina hii zina uzito wa karibu nusu kilo, na uzito wote uko mbele. Baada ya nusu saa shingo inalalamika. Halafu kuna joto letu. Mwezi wa Machi hapa nyuzi 36 si habari ya kumsimulia mtu. Sifongo inayogusa uso inalowa jasho, lenzi zinaingia ukungu, na stima ikipotea gemu haizimiki kwa sababu ina betri yake. Kinachozimika ni feni! Jua lenyewe pia ni adui: lenzi hukusanya miale kama kioo cha kuwashia moto, na mwanga wa dirishani ukizipiga kwa muda mfupi tu skrini inaungua. Jua hili hili linazalisha zaidi ya megawati 50 kwenye kituo cha umeme kilichofunguliwa nje ya mji Desemba 2019. Mimi miwani yangu naifunga kwenye shuka.

Halafu kuna kichefuchefu. Unajua ukisoma simu ndani ya basi linaloyumba, tumbo linavurugika? Sikio la ndani linasema tunakwenda, macho yanasema tumetulia. VR inageuza kesi hiyo: macho yanaona unakimbia, sikio linajua umesimama sebuleni. Na hapa ndipo joto linarudi. Skrini inayochora picha mara 90 kwa sekunde inaipa programu kama milisekunde 11 tu kwa kila picha. Kifaa kikipata moto, prosesa hupunguza mwendo ili kujiokoa, picha zinachelewa, na anayelipa ni tumbo lako. Siku ya kwanza nilicheza saa tisa mchana, nikaishia kulala sakafuni na ndoo kando. (Msinicheke.) Nilidhani kichwa changu ni dhaifu. Kumbe ni saa niliyochagua.

Kuna taabu nyingine ambayo haimo kwenye kijitabu cha maelezo. Nilikuwa na gemu moja ya kufyatua risasi. Picha nzuri, sauti safi. Jioni moja niliitoa sauti kwenye spika, nikajificha nyuma ya ukuta wa gemu huku nikihema. Nilipovua miwani nilimkuta hooyo amesimama mlangoni, mkono uko kifuani, hasemi neno. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, hapa hapa mjini. Gemu ile niliifuta usiku huo. Simkatazi mtu mwingine kucheza yake, ila kwenye skrini ya simu bunduki ni picha. Kwenye VR unaishika kwa mikono yako, na mwili una kumbukumbu zake.

Mbona basi nasema inafaa? Kwa sababu ya dada yangu mkubwa. Ana watoto watatu, na daktari alimwambia afanye mazoezi, sukari inapanda. Afanyie wapi? Akimbie barabarani na jilbabu kwenye jua lile, mtaa mzima ukimtazama? Gym ninazozijua mimi zimejaa vijana wa kiume. Sasa watoto wakilala anafunga mlango, anavaa miwani na kucheza Beat Saber, ile gemu ya kukata matofali yanayokujia kwa panga mbili za mwanga. Muziki hautaki, kwa hiyo anazima sauti na kukata kimya kimya. Hooyo anasema ni kama mtu anayefukuza nzi. Wiki iliyopita alitoka amelowa, akaniambia, "Walaal, leo nimetoka jasho langu mwenyewe, si la jikoni."

Matofali yale si ya kweli, lakini jasho ni la kweli. Macho ndiyo yanayodanganyika, mwili haudanganyiki. Ndiyo maana kifaa hiki kinaweza kukuumiza kuliko gemu ya simu, na ndiyo maana kinaweza kukufaa kuliko gemu ya simu.

Kwa hiyo nyumbani kwetu tuna utaratibu. Tunacheza baada ya Isha, joto likishapungua. Dakika 20, kisha unapumzika. Feni inakuelekea, na kila mtu ana kitambaa chake cha uso, maana ugonjwa wa macho unaambukizwa kwa urahisi. Katikati ya sebule tunatandika mkeka mdogo na kusimama peku: nyayo zikigusa sakafu unajua umepotea njia kabla hujapiga televisheni ngumi. Na kichefuchefu kikianza, unavua hapo hapo. Hakuna ushujaa hapa.

Kwa wenzangu tunaoandika programu: gemu nyingi hizi zimebuniwa na watu wenye vyumba vya baridi na zulia pana. Tukianza kuandika zetu, tusianze na picha. Tuanze na mtu aliyesimama kwenye mkeka Garissa, feni imezimika, na hataki muziki. Huyo akistarehe, wengine wote watastarehe.

Haya, Isha imeshapita na dada anabisha mlango. Zamu yake.