Nani Aliyejitenga?

Nimepata kusikia, si mara moja wala mbili, watu wenye elimu yao wakisema kwamba wageni wanaoanzisha klabu yao ya mpira hujitenga na wenyeji. Mfano wanaoupenda ni Türkiyemspor ya Berlin. Basi na tuuchukue mfano huo huo.

Waturuki hawakuingia Ujerumani Magharibi kwa mlango wa nyuma. Waliitwa, kwa mkataba wa serikali mbili wa tarehe 30 Oktoba 1961, kwa kuwa viwanda vilikosa mikono. Wakapewa jina la "wafanyakazi wageni". Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku waliyoshuka kwenye gari moshi, na mkeka hawakutandikiwa.

Mwaka 1978 vijana wa mtaa wa Kreuzberg wakaunda timu. Wangeweza kubaki wakicheza Waturuki kwa Waturuki. Hawakutaka. Waliingia katika ligi ya Berlin, timu ya ridhaa kama nyingine, wakapanda daraja baada ya daraja. Wakatwaa Kombe la Berlin mwaka 1988, kisha 1990 na 1991. Msimu wa 1990/91 walishika nafasi ya pili katika daraja la tatu, hatua moja tu kutoka soka ya kulipwa. Anayejitenga hukaa kwake. Hawa waliwafuata wenyeji viwanjani mwao, na baada ya Ujerumani kuungana wakaenda hata miji ya Mashariki, walikopokewa kwa matusi.

Sasa tuulize nani alimtenga nani. Sheria ya uraia ya mwaka 1913 ilifuata damu ya mzazi. Mtoto wa Kituruki aliyezaliwa Berlin, akasoma Berlin, akaota ndoto zake kwa Kijerumani, alihesabiwa mgeni, na klabu ilipopanda ikakabiliwa na kikomo cha wachezaji wa kigeni. Sheria hiyo ilibadilishwa kuanzia tarehe 1 Januari 2000. Vijana wale walikuwa wamekwisha kutundika viatu.

Wakosoaji hao hao huisifu Celtic ya Glasgow, iliyoanzishwa mwaka 1887 miongoni mwa wahamiaji wa Kiayalandi ili kuwalisha watoto maskini. Mwanzilishi wake, Bruda Walfrid, alikuwa mwalimu mkuu. Nakiri hilo hunifurahisha. Mbona yeye haambiwi alijitenga?

Siitetei Türkiyemspor kwa kila jambo. Fedha iliwashinda, na mwaka 2011 klabu ikafilisika. Lakini klabu za wenyeji nazo hufilisika, na sijasikia ufilisi wao ukiitwa tabia ya kabila.

Linabaki jina. Türkiyem maana yake ni "Uturuki yangu", nalo lilichukuliwa mwaka 1987. Wanaosema jina hilo linachukiza wangetaja basi ni jina gani lingine kijana huyo alikuwa nalo, ikiwa hata cheti chake hakikumruhusu kusema "Ujerumani yangu".