Mayai ya kasa na zile matriki tulizoziponda

Wadau, mnisamehe, mwenzenu leo niko upande wa hesabu.

Juzi hapa bwenini tumebishana mpaka saa saba usiku. Jamaa kapitisha daftari la michango ya kulinda mayai ya kasa ufukweni, kila mtu buku moja. Mimi nikasema kulinda mayai peke yake hakutoshi. Weee, nikazomewa! Eti nina roho mbaya.

Haya sikieni. Mwaka 1945 mtaalamu mmoja, P. H. Leslie, alionyesha jinsi ya kuhesabu viumbe kwa rika kwa kutumia matriki. Mstari wa juu unaweka watoto wanaozaliwa na kila rika. Chini yake unaweka sehemu ya kila rika inayosalimika kufika rika linalofuata. Zidisha kwa idadi ya mwaka huu, umepata ya mwakani. Ni zilezile za kidato cha nne, tuliokuwa tunasema zitatusaidia nini maishani! Ukizidisha tena na tena, kasi ya kukua inatulia kwenye namba moja. Ikizidi 1 wanaongezeka, ikiwa chini ya 1 wanakwisha taratibu.

Sasa mwaka 1987 Deborah Crouse, Larry Crowder na Hal Caswell wakafanya hivyo kwa kasa duvi wa kusini mashariki mwa Marekani. Kwa kuwa umri wa kasa huwezi kuujua kwa macho, wakawagawa kwa hatua saba za ukuaji. Jibu likaja kama 0.945, yaani wanapungua kama asilimia 5.5 kila mwaka. Wakajaribu: tuseme mayai yote na vifaranga wote wamepona mwaka wa kwanza, asilimia 100. Bado chini ya 1! Kilichoweza kuivusha ni kupunguza vifo vya kasa ambao hawajaanza kuzaa lakini washakuwa wakubwa, wale wanaokufa kwenye nyavu za meli za kamba. Hoja hiyo iliwapa nguvu waliokuwa wanadai nyavu ziwekwe mlango wa kasa kutorokea.

Sawa, wale ni duvi wa Marekani, wetu wanaotaga Mafia wengi ni kasa uziwa na namba zao ni nyingine. Lakini swali ni lilelile, na mayai yanatupa huruma kwa sababu tunayaona. Anayezama nyavuni nani anamuona?

Buku yangu nimetoa jamani. Ila pembeni ya jina nimeandika: na nyavu je? Jamaa mpaka leo hajanijibu, na daftari kahamia nalo bweni la pili.