Neno 'kingamwili' laficha nusu ya habari

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti nilikaa siku tatu kwa dada yangu katika Kaunti ya Bomet, mahali ambapo ukitoka mlangoni huoni ila chai mpaka macho yachoke. Jioni ya pili mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, aliniletea daftari lake la biolojia pamoja na swali ambalo, nakiri, lilinishinda usiku ule. "Mjomba, wewe ndiwe mtu wa maneno. Mwalimu alisema kingamwili ndiyo kinga ya mwili. Basi mbona mtu akipimwa ukimwi akapatikana na kingamwili huambiwa kwamba ameambukizwa? Si angeambiwa amekingwa?"

Nimefundisha isimu kwa muda mrefu, na ni nadra kuulizwa swali linaloonyesha kwa uwazi kiasi hicho jinsi neno moja linavyoweza kumpotosha mtu mwerevu. Tena si mtoto wa shule peke yake. Katika nchi hii ya chai watu wazima wengi wamejitolea katika utafiti wa afya. Majaribio ya awali ya chanjo ya ukimwi yamewahi kufanywa Kericho, sambamba na Kampala na Mbeya, na anayejitolea hupewa maelezo kabla ya kutia sahihi. Mtu aliyedungwa chanjo ya majaribio anaweza baadaye kupimwa kwa kipimo cha kawaida akaonekana ana kingamwili za virusi, ilhali virusi vyenyewe hana. Akidhani kingamwili maana yake ni ngao, atajiona salama, na huenda si salama hata kidogo. Akidhani maana yake ni ugonjwa, ataondoka kliniki amekata tamaa bure.

Tukitazame basi kitu chenyewe. Kingamwili ni protini yenye umbo la herufi Y. Wasomaji wa Kericho na Bomet hawahitaji picha ya kitabuni. Mchumaji wa mikono (naam, wangalipo, licha ya zile mashine zilizozua ghasia mwaka 2023) hutafuta majani mawili na chipukizi. Majani hayo mawili yamejitenga huku na huku, nayo yamebebwa na kikonyo kimoja. Chipukizi halina mwenziwe katika kingamwili. Kila mfano una mahali unapokomea. Ncha za mikono miwili ya Y ndizo zinazomshika adui, na kila kingamwili ina ncha zilizoumbwa kwa adui wake mahususi. Hayo mpwa wangu aliyajua. Asichokijua, na ambacho daftari lake halikukitaja hata kwa mstari mmoja, ni kazi ya kikonyo.

Mchumaji hodari hayabani majani kiganjani. Vidole vyake hupita chini ya majani, vikakamata kikonyo. Seli nyeupe za damu nazo hufanya vivyo hivyo. Juu ya utando wake zina protini ziitwazo vipokezi, ambazo hushika kikonyo cha kingamwili, karibu na pale mikono miwili inapoachana. Kipokezi hakimjui adui. Hakina habari kama mikono imeshika bakteria au kijidudu cha malaria. Kinachokijua ni kikonyo tu, na kikonyo hakibadiliki katika kingamwili za aina moja, hata mikono ikibadilika namna gani. Hivyo seli yenye vipokezi vya aina chache inaweza kupambana na maadui wasiohesabika, wakiwemo wale ambao haijapata kukutana nao.

Msomaji makini atauliza: damu yetu imejaa kingamwili wakati wote, aina ya G pekee ikifikia gramu 10 hivi katika kila lita ya majimaji ya damu, kwa nini basi seli hizi haziishi katika hali ya vita usiku na mchana? Jibu ni kwamba kwa vipokezi vingi vya aina hiyo, mshiko wa kikonyo kimoja ni dhaifu. Kipokezi hushika, kikaachia. Lakini adui anapovikwa kingamwili nyingi, vikonyo vyake husimama pamoja, vipokezi vingi hushika kwa wakati mmoja na kusogezwa karibu karibu, na huko kukusanyika ndiko kunakopeleka habari ndani ya seli. Kidole kimoja hakivunji chawa. Habari ikifika, seli ya aina ya makrofaji humeza kilichoshikwa; nyingine, zile ambazo wanasayansi wamezibandika jina la wauaji asilia, huitoboa seli iliyoambukizwa na kuiua. Vipokezi vya kingamwili za aina ya E ni kisa kingine: vyenyewe hung'ang'ania kikonyo hata kikiwa kimoja, vikisubiri, na ndiyo maana mwenye mzio wa njugu anaweza kuvimba midomo kwa kula punje moja.

Wazee wa mashamba ya chai wanaikumbuka milipuko ya malaria ya miaka ya 1990. Kwa kuwa ugonjwa huo haukai milimani mwaka mzima kama unavyokaa pwani au kandokando ya Ziwa Victoria, watu wazima wa huku nao huugua vibaya, maana miili yao haijaufahamu adui. Kwamba damu ya aliyezoea malaria ina kitu cha kumfaa asiyeizoea kulithibitishwa mwaka 1961, wakati Cohen, McGregor na Carrington walipochukua kingamwili za watu wazima wa Gambia wakawadunga watoto wagonjwa, na vijidudu vikapungua sana. Lakini kingamwili hizo zilifanyaje kazi? Mwaka 1990 watafiti walionyesha katika maabara kwamba kingamwili za watu wenye kinga, zikiachwa peke yake na vijidudu, hazikuvizuia. Zilipotiwa pamoja na seli nyeupe, vijidudu vikashindwa kuongezeka. Mwaka 2014 kundi la watafiti, akiwamo Mkenya Faith Osier, lilieleza kwamba watoto wa Kilifi ambao kingamwili zao zilizihimiza sana seli kumeza vijidudu ndio waliopata nafuu zaidi dhidi ya malaria. Mikono ilikuwa imeshika. Kazi ikakamilishwa kwenye kikonyo.

Wala maungio hayo hayatuletei heri tu. Kirusi cha dengi, ambacho Mombasa inakijua, huweza kuvikwa kingamwili zilizobaki kutokana na dengi ya aina nyingine, zisizotosha kukiua. Seli ikakamata kikonyo na kukiingiza kirusi ndani, mahali pale pale kinapotaka kuzaana.

Kuna na kipokezi cha kondo la nyuma, ambacho hubeba kingamwili za mama na kumvusha nazo mtoto aliye tumboni. Kwa njia hiyo sindano ya pepopunda anayodungwa mjamzito humlinda mtoto mchanga. Kwa njia hiyo hiyo mtoto wa mama mwenye virusi vya ukimwi huzaliwa na kingamwili za mama yake hata kama hakuambukizwa, na ndiyo sababu kabla ya miezi 18 hupimwa virusi vyenyewe na si kingamwili. Nadhani kila mama anayesubiri majibu hayo katika zahanati ana haki ya kuelezwa jambo hili kwa lugha anayoielewa.

Sasa naweza kumjibu mpwa wangu. Kipimo kile huuliza swali la mikono tu: je, mwili huu umewahi kukutana na adui huyu? Hakiulizi kama adui alishindwa. Kirusi cha ukimwi hubadili vazi lake upesi mno, na hujificha ndani ya seli ambamo kingamwili haifiki.

Je, tulitupe neno 'kingamwili'? La. Limekwisha kuota mizizi, na mimi si katika wale wanaounda istilahi mpya kila msimu. Isitoshe, kitenzi 'kinga' kina maana mbili: kuzuia madhara, na pia kutega chombo ili kipokee, kama mtu anavyokinga maji ya mvua kwa ndoo. Walioliunda neno hili walifikiria maana ya kwanza. Kipokezi kinaishi katika ile ya pili: seli hukikinga kikonyo. Ninalowaomba walimu wa biolojia ni kwamba wasilifundishe neno hili bila ya 'kikonyo' na 'kipokezi'. Na wanaotafsiri fomu za utafiti waandike wazi kwamba kingamwili ni dalili kuwa mwili umekutana na kitu fulani, ama kirusi, ama chanjo, ama damu ya mama.

Mpwa wangu alichora Y yake upya, safari hii akiuwekea mkono wa mchumaji chini. Kisha akaniuliza mtihani utakiitaje kikonyo hicho. Nikamkumbusha kwamba mtihani wa biolojia huandikwa kwa Kiingereza.