Msianze na Bei

Mmarekani akirithi saa ya mfukoni ya babu yake, swali la kwanza ni bei. La pili ni namba, naye huisoma kwenye kasha. Siyo hiyo! Kwa miaka mingi Waltham na Elgin waliuza mashine tupu. Kasha mnunuzi alijichagulia dukani, tena la kampuni nyingine. Namba ya kukupa mwaka imechongwa kwenye mashine yenyewe. Kinachonikera zaidi ni sonara: anayeyusha kasha, mashine inabaki yatima. Ndani ya mfuniko ule mafundi walikwaruza alama zao kila walipoisafisha saa. Zimekwenda, kwa gramu chache za dhahabu (nyingine tabaka tu juu ya shaba!). Jamani, fungueni kwanza, pigeni picha, ndipo mwende kwa sonara.